Vyambo vya njuga: kipi ununue kwa maji ya Albert, Naili na Viktoria

Mpwa wangu alinipigia simu akiwa amesimama kaunta ya duka moja Kampala. "Mjomba, wameleta vile vyambo vyako vya njuga. Viko aina nne hapa mezani na pesa yangu inatosha viwili. Nichukue vipi?" Nilimjibu harakaharaka, maana muuzaji alikuwa anamsubiri. Leo naandika jibu kamili, kwa sababu swali lake ni la kila mtu anayevua kwa fimbo hapa kwetu, na aliyenunua vibaya huishia kulaumu ziwa.

Kwanza tuelewane. Chambo cha njuga ni samaki bandia wa plastiki ngumu, bapa ubavuni, asiye na ule ulimi wa plastiki unaochomoza kidevuni mwa rapala za kawaida, yaani vile vyambo vya samaki bandia tulivyovizoea. Mshipi unafungwa mgongoni, nyuma kidogo ya kichwa, si puani. Tumboni mna gololi ndogo. Ukikitikisa sikioni kinalia kama njuga za mguuni za mcheza ngoma, ndiyo maana mimi na wenzangu tumekipa jina hilo. Kinazama chenyewe. Ukikivuta, maji yanagonga paji lake bapa na mwili mzima unatetemeka, mtetemo mfupimfupi wa haraka unaopanda na mshipi, unaingia kwenye fimbo na kukufikia kiganjani.

Kwa kuwa hakina ulimi, hakijichimbii kina chake. Rapala yenye ulimi imepangiwa kiwandani: itashuka mita tatu, au tano, na hapo itabaki. Cha njuga unakipangia wewe. Unakitupa, unahesabu, unaanza kuvuta. Kile cha gramu 14 hushuka karibu sentimita 30 kwa sekunde, kwa hiyo ukihesabu hadi kumi kiko mita tatu hivi. Pima mwenyewe mahali unapojua kina: tupa, hesabu hadi mshipi ulegee, gawanya. Hiyo ni faida kubwa kwenye kingo zetu, ambako unasimama penye mita moja ya maji na mbele kidogo tu pana mita nane.

Pipa

Nyuma ya nyumba yangu Pakwach kuna pipa la lita 200 tunalokingia maji ya mvua. Mnamo saa nne asubuhi jua huingia ndani na kuangaza hadi chini. Hapo ndipo ninapopimia kila chambo kipya. Siangalii kinavyokwenda kikivutwa. Pipa halina nafasi hiyo, na hata mtoni tofauti ni ndogo, kwani vyambo vyote vinne alivyokuwa navyo mpwa wangu vikivutwa vinatetemeka vizuri. Ninachoangalia ni kinavyoanguka. Nakifunga mshipi, nakiacha kiguse maji, kisha naulegeza kabisa.

Kuna kinachoelekeza pua chini na kwenda moja kwa moja kama jiwe. Kuna kinacholala ubavu na kuyumba kushoto na kulia kama jani la mwembe linavyodondoka. Na kuna kinachoshuka mgongo juu, tumbo chini, kikitikisa mabega njia nzima kana kwamba bado kinaogelea. Ni jambo la sekunde mbili tatu. Lakini kwangu mimi hizo sekunde ndizo ninazolipia.

Sababu yake iko kwa samaki. Sangara, mputa kwa wenzetu wa Viktoria, hapendi mbio ndefu. Anakaa nyuma ya mwamba au pembeni mwa mkondo na kungoja. Jicho lake ni lile linalowaka ukilimulika kwa tochi usiku, limeumbiwa mwanga hafifu, na mstari wake wa ubavuni unahisi mtetemo hata kwenye maji yasiyoonekana kitu. Kwa hiyo njuga zinamfikia kabla hajaona chochote. Anatoka, anakifuata chambo nyuma, bado ana mashaka. Ukiendelea kuvuta, mara nyingi anakisindikiza hadi karibu na mtumbwi na kugeuka. Ukiacha kuvuta, chambo kinaanguka mbele ya pua yake, na hapo anafungua kinywa. Sangara wangu wengi wa chambo hiki wamekila kikiwa kinashuka. Hutahisi kishindo. Mshipi uliokuwa unateremka unasimama kabla ya wakati wake, basi. Ukiona hivyo, kunja mshipi haraka na uinue fimbo.

Kwa hiyo usimuulize muuzaji kinavutwaje. Muulize, au jiulize mwenyewe, kinafanya nini ukikiacha.

Vinne vya mezani

Rat-L-Trap ndiye mkubwa wao kwa heshima. Alikitengeneza Bill Lewis wa Louisiana, Marekani, miaka ya 1960. Vyambo visivyo na ulimi vilikuwepo kabla yake, lakini chake ndicho kilichoenea hadi Wamarekani wengi wakawa wanaiita aina nzima kwa jina lake. Jina lenyewe linatokana na neno wanaloitia gari bovu linalogongana kila upande likitembea, na ukikitikisa utaelewa. Gololi ni nyingi na ndogo, na mlio wake ni wa shaka-shaka mfululizo. Kile cha kawaida kina gramu 14 na urefu wa sentimita saba na nusu hivi. Kiko kidogo cha gramu 7 na kikubwa cha gramu 21. Pipani kinaelekeza pua chini na kwenda zake, hakina ngoma ya kucheza njiani. Huo ni udhaifu kwa anayevua kwa kusimamisha. Kwa anayetafuta samaki walipo, anayetupa na kuvuta, kutupa na kuvuta, akizunguka ghuba nzima asubuhi moja, sioni kinachokishinda. Kwenye maji ya matope ndiko kinakong'aa, kama pale Ntoroko ambako mto Semuliki unamwaga udongo wake ndani ya Albert, na samaki anatafuta kwa mtetemo kuliko kwa jicho.

Rattlin' Rapala kinatoka kwenye kampuni iliyoanzia kwa Lauri Rapala huko Ufini mwaka 1936. Cha sentimita 7 kina gramu 16, cha sentimita 8 kina gramu 22. Tazama hapo: kifupi kuliko Rat-L-Trap lakini kizito zaidi. Hizo gramu mbili ukizisoma kwenye karatasi unaziona ndogo. Simama kwenye ukingo wa Albert mchana, upepo ukitoka upande wa Kongo kukupiga usoni, utazihesabu moja moja. Kinaruka mbali, hakigeukigeuki hewani, na kikitua kinaufikia mkondo wa chini kabla maji hayajakisukumia ukingoni. Mlio wake ni mwembamba na mkali. Kinaanguka pua mbele kama Rat-L-Trap, kwa kasi zaidi. Mimi nakitumia mtoni kuliko ziwani.

Red Eye Shad cha Strike King kina gramu 14, sawa na Rat-L-Trap, na kwa mbali huwezi kuvitofautisha. Vitie pipani kimoja baada ya kingine. Rat-L-Trap kinafika chini kimya. Red Eye Shad kinashuka kikitikisa mabega, ubavu unamweka, jua linapiga na kupotea, linapiga na kupotea, hadi kiguse sakafu. Uzito umepangwa ndani hivyo makusudi. Mara ya kwanza nilipoona, nilikitoa na kukirudisha majini mara saba au nane, watoto wa jirani wamenizunguka wakitaka nao washike mshipi. Kwa sangara anayefuata bila kuamua, hiki ndicho chambo. Hushuka taratibu kidogo, kwa hiyo kwenye mkondo mkali kinachukuliwa na maji kabla hakijafika anakolala samaki, usikipeleke huko.

Rippin' Rap nacho ni cha Rapala, lakini usikichanganye na ndugu yake. Ni chembamba kama sarafu na kina tumbo refu kwenda chini. Cha sentimita 7 kina gramu 24, yaani gramu nane zaidi ya Rattlin' Rapala cha urefu uleule. Kimetengenezwa kwa kazi ya kuinua na kuachia: unashtua fimbo juu, kinatetemeka papo hapo bila kungoja kasi, unaachia, kinayumba kikishuka. Kwa mtu aliye ndani ya mtumbwi juu ya mita sita hadi kumi za maji, akijua samaki wamelala chini, ni chambo kizuri sana. Kwa anayesimama ukingoni ni balaa. Kinafika chini upesi, kinanasa upesi, na uzito wake una tatizo jingine nitakaloeleza kwenye ndoano.

Nje ya meza ile kuna kimoja nisichoweza kukiacha: Jackall TN, cha Japani. Herufi hizo mbili ni za pua ya tangisteni, madini mazito kuliko risasi, na pua hiyo imeachwa wazi mbele ya kichwa. Kikifika chini kinasimama kwa pua, mkia juu, na ndoano ya tumbo haisugui mwamba. Mgeni mmoja aliyekuja kuvua ngassa, yule samaki wa meno makali, aliniachia kimoja cha gramu kama 13. Bei yake ni ya kumfanya mtu afikirie mara mbili, lakini kwenye mawe kinarudi nyumbani wakati vingine vinabaki.

Rangi sitaipa nafasi kubwa. Maji meupe, chukua cha fedha chenye mgongo wa buluu au mweusi. Maji ya matope au jioni, chukua cha dhahabu, cha machungwa au kile cha kijani na njano kilicho na mistari. Ukishapata hizo mbili unatosha.

Kelele

Panyimur kuna mzee mmoja anayevua kwa mishipi mirefu ya ndoano nyingi tangu mimi ni mtoto. Siku moja alinyosha mkono, nikampa Rat-L-Trap yangu. Aliitikisa sikioni, akaitazama, akaitikisa tena.

"Hii inaita samaki, ama inafukuza?"

"Inategemea maji, mzee."

"Basi wewe unaijua," akasema, akanirudishia.

Nimelifikiria swali lake mara nyingi kuliko makala yoyote niliyosoma. Mlio unaita pale samaki anapokuwa mbali, maji yakiwa mazito au mawimbi yakipiga. Maji yakitulia kama kioo na kuwa maangavu, mkitupa vyambo vya njuga kumi mahali pamoja, baada ya muda hakuna anayekuja. Hapo zipo aina zenye gololi moja kubwa inayogonga ko, ko, ko kwa sauti nzito, na zipo zisizo na gololi kabisa. Hicho cha Jackall huuzwa hata cha kimya. Kwenye Ziwa Viktoria, ghuba za visiwa vya Ssese asubuhi kabla ya upepo, ningeanza na cha kimya au cha mlio mmoja. Kwenye Albert sijawahi kukihitaji.

Kila maji na chake

Chini ya maporomoko ya Murchison, ambako Naili nzima inajibana kwenye ufa wa mita 7 hivi, samaki hukaa kwenye vidimbwi vinavyozunguka kando ya mkondo. Huko ni ndani ya hifadhi: unalipia kibali cha kuvua kwa mamlaka ya wanyamapori, UWA, na mambo ya viboko na mamba unamwachia askari wa hifadhi na mwenye mashua wayaamue. Waongozaji wengi wa pale hutumia rapala ndefu zenye ulimi au samaki hai, na kwa sangara mkubwa hawakosei. Cha njuga kinapata nafasi kwenye vidimbwi vya nyuma, penye mita mbili hadi nne, ambako rapala ya kuchimba inaishia kwenye mawe. Chukua Rattlin' Rapala cha gramu 22 au Jackall, kitupe juu ya mkondo, kiache kizunguke nao kikishuka huku mshipi umekaza kidogo. Usiulegeze hapo kama pipani. Ukilegea, maji yanaupinda na hutajua samaki amekamata lini.

Ngassa wa Albert ni habari nyingine. Huyu anafukuza. Chakula chake ni samaki wadogo wa fedha kama muziri, wanaokwenda kwa makundi karibu na uso wa maji, na anawapiga kwa kasi. Kile nilichosema juu ya kuanguka hakimhusu sana. Yeye anataka chambo cha sentimita 5 hadi 7, cha fedha, kinachokimbia, na ukipunguza mwendo anakidharau. Kwake Rat-L-Trap cha gramu 14 kinatosha kabisa na hakuna haja ya kulipa zaidi. Meno yake yanapishana nje ya midomo hata akiwa amefunga kinywa, kwa hiyo bila waya unampa chambo na kumuaga. Waya uwe mfupi, sentimita 20, na mwembamba. Ukiwa mrefu na mnene unakilemea chambo mbele na mtetemo unakufa. Mwishoni weka klipu ndogo, usikaze waya moja kwa moja kwenye tundu la mgongo; chambo hiki kinahitaji uhuru pale juu.

Ziwa Viktoria linanilazimisha niwe mkweli kwa anayependa kukokota chambo nyuma ya mtumbwi. Kina chake cha wastani ni mita 40, na sangara aliyewekwa humo miaka ya 1950 amelizoea kote. Ukikokota chambo cha njuga kwa mwendo wa injini kinapanda juu, unaongeza mshipi, kinashuka, unaongeza kasi, kinapanda tena. Rapala yenye ulimi inashika kina chake saa nzima bila kukusumbua. Kwa kukokota, acha njuga sandukuni. Zitoe mnapozima injini karibu na mwamba, au kwenye mdomo wa ghuba ambako mukene, yaani dagaa, wanarukaruka, mtupe na kuhesabu. Na penye magugumaji, ndoano za matawi matatu zitakuletea jani kila mara. Hilo linatufikisha mahali pazito.

Ndoano

Vyambo hivi vyote vilizaliwa kwa samaki wa Marekani, Ulaya na Japani ambaye akifika kilo tano anapigwa picha. Sangara wa rekodi ya dunia kwa fimbo, aliyevuliwa Ziwa Nasser, Misri, mwaka 2000, alikuwa na kilo 104. Ni mto huu huu mmoja wa Naili, na samaki ni wa jamii moja na wa kwetu. Ndoano za kiwandani za chambo cha gramu 14 hazijui habari hiyo. Sangara wa kilo kumi anazinyoosha kama sindano za kushonea, na pete zinazozishika zinafunguka.

Kwa hiyo ukinunua chambo, hesabu na bei ya ndoano. Njia moja ni kuweka matawi matatu manene pamoja na pete nene. Zinashika, lakini ni nzito, na uzito huo unabadilisha kuanguka. Red Eye Shad niliyoisifu, baada ya kuibebesha ndoano mbili nene, pipani ilishuka kimya kama msumari. Ngoma yote imekwisha, nimelipia kitu na kukiua kwa mkono wangu. Siku hizi naweka ndoano moja moja, zile zenye tundu lililokaa sambamba na ncha ili zisimame wima kwenye pete. Ya tumboni ncha inaelekea kichwani, ya mkiani ncha inaelekea juu. Uzito unabaki karibu na wa kiwandani, ngoma inarudi, majani hayanasi sana, na ndoano moja nene ikiingia kwenye pembe ya kinywa cha sangara haitoki kirahisi. Kuna mengine pia. Sangara chini ya sentimita 50 haruhusiwi Uganda, na mdogo aliyenaswa kwa ndoano mbili za kawaida unamrudisha mzima. Aliyenaswa na matawi sita, mawili kinywani na moja kwenye jicho, unamrudisha nini?

Kila ukibadilisha ndoano, rudi pipani.

Sasa lile tatizo la uzito. Sangara akijua amekamatwa anapanda juu, anatoa kichwa nje ya maji na kukitikisa kwa hasira. Chambo cha njuga kikiwa kinaning'inia pembeni mwa kinywa kinageuka nyundo: kila akitikisa, uzito wote unavuta ndoano upande wa kutokea. Cha gramu 24 ndicho kibaya zaidi. Nimepoteza kwa Rippin' Rap samaki ambao Red Eye Shad isingewaachia. Akianza kupanda, shusha ncha ya fimbo hadi iguse maji, mvute kwa upande, na usiache mshipi ulegee hata kidogo. Fimbo yenye ncha laini inasaidia kuliko ile ngumu kama mwiko. Kwa uzi wa kusuka mimi natumia wa kilo 25 hadi 30, mbele nafunga nailoni nene ya mita moja na nusu, kwa sababu kinywa cha sangara kimejaa meno madogo kama msasa na mfuniko wa mashavu yake unakata.

Visivyo na jina

Kwenye meza ya mpwa wangu kulikuwa pia na rundo la tano, la vyambo vilivyofungwa kwenye nailoni nyeupe, bila jina, bei robo ya vingine. Alivitaja mwishoni, kwa sauti ndogo, na najua alikuwa anavitamani.

Mwaka juzi nilinunua sita vya namna hiyo katika duka moja, muuzaji akiniapia ni mali ya kiwanda kilekile, ila boksi tu zimepotea. Viwili vilielea. Kimoja kilizama kinyumenyume. Vitatu vilikuwa vizuri machoni, nikavipeleka Panyimur. Tupo ndani ya mtumbwi, kaka yangu anapiga kasia, sangara akakamata kikishuka, kama ninavyopenda. Alivuta mara mbili tu. Nilichokunja kikafika mkononi ni nusu ya samaki wa plastiki, upande wa kushoto, gololi moja imebaki ndani inazunguka kwenye tundu lake. Waya wa kushikia ndoano haukupita mwilini. Ulikuwa kipande kifupi kilichogandishwa kwa gundi tumboni. Sangara aliondoka na upande wa kulia na ndoano mbili kinywani, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo kuliko pesa.

Sisemi kila kisicho na jina ni kibovu. Nasema kikague. Kishike mbele ya dirisha, pitisha ukucha kwenye mshono kuanzia puani hadi mkiani; ukucha ukiingia, kirudishe. Shika pete ya tumbo kwa koleo na uvute kwa nguvu unayoweza. Nyumbani kizamishe kwenye maji ya moto kiasi cha kuogea, si ya kuchemka: hewa iliyo ndani itapanuka, na kama kuna tundu utaona vipovu vinatoka hapo. Hata Rat-L-Trap halisi nakipitisha humo kila baada ya samaki wazito, maana mshono unaochoka huanza na vipovu.

Nilichomwambia mpwa

Yeye anavua Jinja siku za kazi zikiisha, mara moja moja anavuka kwenda kisiwa cha Bugala, na Desemba huja kwangu kwa ngassa. Nilimwambia achukue Red Eye Shad kwa ajili ya sangara wa ziwani wanaofuata bila kuamua, na Rattlin' Rapala cha kutumia mtoni na siku za upepo. Rat-L-Trap angekihitaji angekuwa mtu wa Ntoroko, au wa ngassa tu mwaka mzima. Mimi ninavyo vya kumwazima Desemba. Rippin' Rap asubiri hadi apate mtumbwi wake mwenyewe.

Alikaa kimya kidogo, nikasikia akihesabu noti. Akauliza ndoano na pete ni kiasi gani, muuzaji akamjibu, akahesabu tena. Mwisho alitoka dukani na Red Eye Shad moja, pakiti ya ndoano nene za moja moja, pete kumi, na roli ndogo ya waya. "Hiyo nyingine nitaikuta kwako, mjomba?" Ataikuta. Nimeshaitoa sandukuni. Ina mikwaruzo ya meno ya ngassa ubavu mzima na rangi ya mgongo imeisha, lakini jana niliitia kwenye maji ya moto na haikutoa kipovu hata kimoja.